Ndoo Isiyo ya Maji

Neno lililonivurugia likizo ya Desemba lina herufi nne tu: ndoo.

Muhula wa tatu ulikuwa ukingoni. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mzaliwa wa Amu, aliandika insha kuhusu siku aliyorudi nyumbani baada ya kulazwa hospitalini. Katika aya ya mwisho mamake anasimama mlangoni, anamwona akija, anamwita: "Ndoo, mwanangu." Nililizungushia neno hilo wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Ya maji?" Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi. Niliisoma sentensi ile mbele ya darasa. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Kijana akainamia dawati lake. Insha zake mbili zilizofuata zilikuwa fupi, safi, hazina kosa hata moja, na hazina mama.

Mimi si mtu wa pwani. Nilizaliwa Nakuru, Kiswahili changu nikakiokota mtaani na kukinyoosha shuleni, nikakisomea chuo kikuu, kisha nikatumwa kufundisha Mokowe. Kama hujawahi kufika, Mokowe ndipo barabara inapokwisha. Basi la kutoka Mombasa linakuleta hadi karibu na gati, vijana wa boti wananyakua mzigo wako kabla hujanyoosha miguu, na ng'ambo ya maji na mikoko kuna kisiwa cha Amu, mwendo mfupi tu kwa boti ya kasi. Ofisi kuu za kaunti ziko huku bara. Bandari mpya iliyopokea meli zake za kwanza Mei 2021 iko hapo jirani, Kililana. Ila wengi hupita Mokowe wakienda mahali pengine, na sisi walimu wa kutoka bara ndio wa kwanza. Shule zikifungwa tu, tunapanda basi.

Mwaka huo sikupanda. Nauli ilikuwa imepaa na mimi nilikuwa nimechoka. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, joto lile la kukufanya ulale kibarazani, na stima ikipotea feni nayo inazima. Nilikuwa na fotokopi ya tendi za zamani niliyopewa na rafiki aliyenionya, "Soma tu. Usianze kutunga maswali." Kwa mwalimu wa Kiswahili huo ni ushauri mgumu kuliko unavyosikika. Miaka mingi sijasoma shairi bila kuhesabu mizani. Nikiona beti, mkono wenyewe unatafuta kalamu.

Nilianza na Utendi wa Mwana Kupona kwa sababu ya aibu. Nimeutaja darasani mara ngapi sijui, na sikuwa nimewahi kuusoma wote. Ni beti 102, unamalizika kabla chai haijapoa. Mama mgonjwa anamwita bintiye aje karibu, akae, alete wino na karatasi, kuna jambo la kumwachia. Na pale anapomwita, neno analolitumia ni ndoo.

Niliketi wima.

Wacha tumjue huyu mama vizuri, maana vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja na kuendelea. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, na mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliowasumbua masultani wa Zanzibar kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid Said yalipelekwa Siyu na kushindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, mjane wake alikuwa amekaa na maradhi mwaka mzima, akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi huu. Inaaminika alifariki karibu 1860. Kwa hiyo tunasoma maneno ya mwanamke anayejua muda hautoshi, anamwandikia msichana atakayebaki bila baba na bila mama.

Ndiyo, najua. Utendi wenyewe unamwambia binti amridhishe mume kwa namna ambayo leo ingewasha moto kwenye kundi lolote la WhatsApp. Wanafunzi wangu wa kike wakisikia muhtasari wake hukunja uso, na hawajakosea. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Uingereza mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lililosisitiza wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wameusoma kwa dirisha hilo moja. Lakini ukiusoma polepole usiku, bila swali la alama ishirini kukungoja, unasikia pia mambo mengine: woga wa mzazi, dua ndefu, hofu ya mwanamke aliyeona vita vikila ukoo na anataka mtoto wake awe na mahali pa kuegemea. Sisemi lazima uupende. Mimi mwenyewe kuna beti niliziruka.

Kilichonikamata ni lugha. Baada ya ndoo nilianza kuyaona yote. Mato, yaani macho. Ndia, yaani njia. Kitwa, yaani kichwa. Mai, yaani maji. Maneno ambayo kila wiki nayakata kwenye madaftari ya watoto wa Amu, na ambayo wao wameyanyonya nyumbani pamoja na maziwa. Kalamu yangu ilikuwa imefanya kazi ya kufuta Kiswahili cha watu walioandika vitabu mapema kuliko karibu kila mtu mwingine katika lugha hii.

Na sitii chumvi. Mojawapo ya kazi za kale kabisa za Kiswahili zenye tarehe inayojulikana, Utendi wa Tambuka, ilitungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, kwa ajili ya mtawala wa huko. Ni hadithi ya vita vya Waislamu na Mfalme Herekali wa Rumi, zaidi ya beti elfu moja. Jina lake la pili ni Chuo cha Herekali. Hilo jina lilinisimamisha kidogo. Chuo, kwa Kiswahili cha wakati ule, ni kitabu. Mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Baadaye neno likahamia kwenye madrasa, mahali vitabu vinaposomewa, na sisi tukalipeleka hadi kwenye majengo yenye lango, mlinzi na karo. Mtu wa 1728 angekuambia ana chuo kitandani, na asingekuwa anajisifu.

Siyu nayo ilikuwa mji wa waandishi: misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi, ngozi za majalada zilizotengenezwa hapohapo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ile inayolia juu ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu, ni ya ukanda huuhuu. Na hivi vyuo havikuwa vya kufungiwa kabatini. Tendi zilisomwa kwa sauti, kwa mahadhi, mtu mmoja akisoma na wengine wakiwa wamekaa wanasikiliza: wanawake kwenye shughuli zao, watu barazani, Ramadhani baada ya sala. Aliyejua kusoma alisoma, asiyejua akahifadhi kwa masikio. Hati ya Kiarabu iliyotumika haikuonyesha kila sauti ya Kiswahili, kwa hiyo msomaji alihitaji kuwa na neno masikioni kabla ya kuliona kwenye karatasi. Kila ninapokutana na makala yenye kichwa cha habari kwamba Waafrika hawasomi kwa raha, nakumbuka beti elfu moja za Herekali. Hakuna aliyelazimishwa kuzikariri ili apate gredi.

Sasa, imekuwaje lugha ya vitabu ikawa lugha ya makosa?

Hili halina siri. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, wakoloni wakitafuta Kiswahili kimoja cha shule na cha kuchapishia vitabu katika Afrika Mashariki. Wamisionari walikuwa wamegawanyika muda mrefu. Wale wa Mombasa walikitetea Kimvita, lahaja yenye ushairi na jamaa wa karibu wa Kiamu. Wale wa Zanzibar walikuwa tayari wamechapisha kwa Kiunguja. Kiunguja kikashinda. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyounganisha serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ikawa inapitisha vitabu na kusawazisha tahajia, na mwanzoni Mwafrika hakuwa na kiti mezani. Katibu wake, Frederick Johnson, ndiye ambaye jina lake liko kwenye kamusi ya 1939, babu wa kamusi tunazowatupia wanafunzi.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Kiunguja kilikuwa na sababu za kushinda. Misafara ya biashara ilikuwa imekibeba hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na watu wengi wa bara walikielewa. Bila lahaja moja iliyokubaliwa, mimi wa Nakuru na wewe unayesoma haya ukiwa Goma au Morogoro tungekuwa na kazi. Sina ugomvi na sanifu, ndiyo inayonilipa mshahara. Ugomvi wangu ni jinsi tulivyolifasiri jambo lile. Kamati ilichagua lahaja moja ya kuchapishia vitabu. Sisi walimu, vizazi kadhaa baadaye, tukafundisha kwamba zile nyingine ni ulimi mzito.

Tena kuna kichekesho ambacho sikuwa nimekiona hadi likizo ile, na nimekifundisha mwenyewe kwa miaka. Aliyefanya KCSE anajua. Katika karatasi ya tatu, ya fasihi, unapewa shairi na kuulizwa jinsi mtunzi alivyotumia uhuru wake. Mwanafunzi mzuri anaandika: inkisari, tabdila, kuboronga sarufi, matumizi ya lahaja. Anatoa mfano, "mato badala ya macho," na anapata alama. Mtoto huyohuyo aandike mato katika insha ya karatasi ya kwanza, anapoteza. Neno moja, mtihani mmoja, wiki ileile. Na lile neno "uhuru" linaficha uongo mdogo. Tunawaambia watoto kwamba mshairi wa kale aliacha neno la kawaida akachukua la ajabu ili mizani itoshe. Mwana Kupona hakuacha neno lolote. Hakuwa anavunja sarufi. Alikuwa anamwita mtoto wake kwa namna anayomwita kila siku.

Nilifunga fotokopi, nikaanza kutafuta zaidi kwenye simu. Hapo nikakutana na Muhamadi Kijuma, na siku tatu nzima zikaenda.

Kijuma alikuwa mtu wa Amu, aliyezaliwa karibu 1855 na kufariki 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga muziki, na zaidi ya yote mwandishi wa hati. Mkono wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba Wazungu waliotaka tendi za kaskazini, Werner, Hichens, Mjerumani Ernst Dammann, wote walimfikia. Walilipa, yeye akanakili, akapamba, akatia jina lake na tarehe mwishoni. Karatasi zake nyingi leo ziko London na Ujerumani. Ukiangalia picha zake mtandaoni unaona fahari ya fundi: mistari imenyooka, wino mwekundu umetumika kupamba. Wino mwekundu! Mwenzangu aliutumia kutenganisha vipande vya mstari ili macho yafurahi.

Na hesabu tarehe hizi. Mwaka 1940 Dammann alichapisha Hamburg kitabu kizima cha ushairi wa Kiamu, kwa Kijerumani na kwa lugha yenyewe. Ni mwaka mmoja tu baada ya kamusi ya Johnson. Yaani Kiamu kilikuwa kinathaminiwa na maprofesa wa Hamburg katika miaka ileile ambayo shuleni kilikuwa kinaanza kuitwa kosa. Sitamlaumu Kijuma kwa kuuza. Alikuwa na tumbo, na bila nakala zake baadhi ya tendi pengine zingeliwa na mchwa na chumvi ya bahari. Ila nilijikuta nimekaa Mokowe, Amu naiona kwa macho, nikinunua data ili nisome karatasi ya Amu iliyohifadhiwa London. Hata data yenyewe iliisha katikati ya ukurasa.

Si kwamba kila kitu kilipanda meli. Msikiti wa Riyadha, ambao Habib Swaleh aliufanya kitovu cha elimu Amu, bado una hazina ya miswada yake, na imepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza. Wapo pia waliokataa kukiacha Kiamu kifie makumbusho. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni mwaka 1927, alikiandikia na kukitetea maisha yake yote hadi alipofariki 2017. Utendi wake Sambo ya Kiwandeo unaeleza chombo cha baharini kinavyoundwa, kipande kwa kipande, na majina ya vifaa ambayo hutayakuta kwenye kamusi ya shule. Bila kumjua, umemtumia. Neno runinga ni lake. Alilishona kutoka kwa rununu na maninga, na maninga ni macho kwa lugha ya kwao. Mwanafunzi wa Kisumu akiandika runinga mwalimu anafurahi, anasema huyu anajua Kiswahili. Kwa hiyo jicho la Kiamu liliingia darasani kwa mlango wa nyuma, limevaa suti.

Wiki ya mwisho ya likizo ndipo nilipoanza kusoma kwa sauti. Sikupanga. Stima ilikuwa imepotea, nimekaa kibarazani na tochi ya simu, na beti hizi zina tabia ya kutaka kutoka mdomoni. Jirani yangu ni bibi mmoja aliyeolewa huku bara kutoka Amu zamani sana. Kila asubuhi huwa namsalimu, "Shikamoo bibi," ananiitikia, "Marahaba mwalimu," na mazungumzo yetu yalikuwa yanaishia hapo. Usiku ule alisogeza mkeka wake akaketi. Nikaendelea. Nilipofika beti ya tatu au ya nne nikasikia anatamka mwisho wa mstari pamoja nami. Baadaye nikagundua yuko mbele yangu. Mimi nilikuwa na karatasi na tochi, yeye hakuwa na kitu.

Nikamuuliza amesomea wapi. Akacheka. Hakusomea, alisema. Nyanyake alikuwa akisoma, wao wadogo wakilala pale pale, usingizi unawachukua katikati. Hakuwahi kuuona utendi huu umeandikwa kwa herufi za Kizungu. Akaomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa jina la Mwana Kupona. Nikamwonyesha. Akalitazama kidogo, akanirudishia fotokopi.

Nilimweleza habari za yule kijana. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya giza. Nikamwambia nilivyocheka. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia nisome tena pale mama anapomwita binti.

Nikasoma.

"Siyo," akasema. "Hiyo uliyosoma ni ndoo ya kutekea mai. Hiyo ni chombo, mwalimu. Ndoo ya kumwita mtu ulimi hugusa meno."

Akaitamka. Nikasikiliza. Akaitamka ile nyingine, ya chombo, ulimi ukiwa nyuma zaidi, kwenye ufizi. Kwenye karatasi yangu lilikuwa neno moja. Kinywani mwake yalikuwa mawili, na tofauti yake ilikuwa wazi kama ya baba na bata. Kumbe watoto wa Amu waliokuwa darasani siku ile hawakucheka kwa sababu nyumbani kwao neno lina utata. Kwao halina utata wowote. Walicheka kwa sababu mwalimu alicheka.

Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, ulimi nikausukuma mbele hadi ukajaa mate.

"Bado," akasema bibi. "Unaita ndoo. Mwite mtoto."